Neno "delta" kwenye Kiingereza: limeanza na herufi, mto au mlango?

#1 Mchoraramani
Wakuu, habari za jioni. Nina swali linalonisumbua kila nikisoma taarifa za Kiingereza. Neno ni moja, delta, lakini kila mtu analitumia kivyake. Mtu wa jiografia akisema delta anamaanisha pale mto unapojigawa matawi kabla ya kuingia baharini. Mhasibu wetu ofisini akisema "nipe delta" anataka tofauti kati ya bajeti na matumizi. Rubani akisema delta anataja herufi D. Mwaka 2021 likawa jina la kirusi cha korona.

Shuleni tuliambiwa yote yametoka kwenye herufi ya nne ya Kigiriki, ile ya pembetatu, Δ. Sawa, lakini herufi yenyewe ilipataje jina hilo? Msimamo wangu ni kwamba umbo ndilo lililozaa kila kitu: watu waliona pembetatu kwenye mto, mengine yakafuata. Mwenye nondo ashushe.

#2 Kaskazi_Unguja
Jibu liko kwenye abjadi, ule mpangilio wa kale wa herufi za Kiarabu ambapo kila herufi ina namba yake, waliousoma wazee wetu wa falaki. Alifu moja, be mbili, jimu tatu, dali nne. Sasa weka Kigiriki pembeni yake: alfa, beta, gama, delta. Mpangilio ule ule na thamani zile zile, maana Wagiriki nao walihesabu kwa herufi, na delta kwao ilikuwa nne.

Wagiriki walizipata herufi kwa Wafoinike, mabaharia wa pwani ya Lebanoni, kama karne ya 8 kabla ya Kristo, na majina wakayachukua humo humo. Herufi ya nne ya Kifoinike ilikuwa daleti, yaani mlango. Kiebrania mpaka leo mlango ni delet. Mgiriki akitamka "delta" hakuwa anataja kitu chochote anachokijua kwa lugha yake, ni jina la kuazima tu. Kwa hiyo mto ulifuata umbo, hapo nakubali, lakini jina lenyewe ni mlango.

#3 Sauti_ya_Chini
Mlango wa nyumba gani una pembe tatu? Nimezaliwa Mji Mkongwe, kwenye milango inayopigwa picha na dunia nzima, na wa pembetatu sijauona.

#4 Mchungaji_Mstaafu
@Sauti_ya_Chini, fikiria mlango wa hema, mwanangu. Pazia likikunjwa upande mmoja, uwazi unaobaki ni pembetatu. Kamusi za Kiingereza zinazoeleza asili ya maneno hazisemi mlango tu, zinasema mlango wa hema. Watu waliozitunga herufi hizi waliishi kati ya Misri na Kanaani, na hema walilijua vizuri.

#5 Kaskazi_Unguja
Mchungaji, shikamoo. Maelezo ya hema yanapendeza kuyasikiliza, lakini ukirudi nyuma yanakwama. Maandishi ya kale sana ya aina hii yapo Sinai, kwenye machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, ambako mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie aliyakuta mwaka 1905. Pale herufi bado ni picha: kichwa cha ng'ombe, nyumba, jicho, maji. Alama ambayo wataalamu wengine wanaisoma kuwa mlango ina pembe nne, mlango wa ubao kabisa kama anavyotaka Sauti_ya_Chini. Wapo wengine wanaosema sauti ya D pale ilichorwa kwa samaki, kwa kuwa samaki kwa lugha hizo ni dag. Hao samaki nao kuna wanaowapa herufi nyingine kabisa.

Pembetatu ilikuja baadaye, waandishi wa Kifoinike walipokuwa wanapunguza mikato ili waandike haraka. Kwa hiyo hema inawezekana lilibuniwa na wasomi wa baadaye, walioiona pembetatu kwanza wakatafuta mlango unaofanana nayo.

#6 Pilipili_Hoho
Shekhe wa abjadi, mbona umeiruka nyota ya Dalu? Dalu ni ndoo, kila anayepigiwa falaki anaijua. Ndoo ni maji, delta ni maji. Na kule mbele yake ni Hutu, samaki, na samaki umemtaja mwenyewe. Mimi nasema ni ndoo.

#7 Kaskazi_Unguja
@Pilipili_Hoho, Dalu inaandikwa dali, lamu, wau. Daleti inaishia na te. Hizo ni familia mbili. Tena wenyewe walikuwa na herufi ya maji: ni mim, kwa Kifoinike mem, ile iliyozaa M, na mawimbi yake ukiitazama M unayaona hadi leo. Ukitaka maji fuata M.

#8 Pilipili_Hoho
Ndoo naishikilia. Sijashawishika.

#9 FundiMota
Mnahangaika na hema na ndoo, njooni karakana. Mota kubwa ya fezi tatu hatuiwashi moja kwa moja, tunaiwasha kwa sta-delta. Inaanza kwenye sta, kila koili inapata kama volti 230 badala ya 400, na mkondo wa kuanzia unashuka mpaka theluthi moja. Mota ikishachukua kasi, taima inabadilisha kontakta, inaingia delta. Kwa nini inaitwa delta? Ukichora koili tatu, mwisho wa moja ukiungwa na mwanzo wa nyingine, unapata Δ kwenye karatasi. Sta nayo ukiichora ni Y. Hapa hakuna mlango wala mto, ni umbo tupu. Kura yangu kwa mtoa mada.

#10 MikokoMingi
Mtoa mada anasema watu "waliona pembetatu kwenye mto". Mimi ni mtu wa Rufiji, nimekulia kwenye delta yenyewe, hiyo ya Kibiti sasa. Nakuhakikishia ukiwa ndani ya ngalawa huoni pembetatu. Unaona mkoko kulia, mchu kushoto, mkandaa nyuma yake, na mkono wa mto unaokata kwenda mkono mwingine. Mgeni akiachwa humo bila mwenyeji atazunguka hadi maji yatoke na ngalawa ikae kwenye tope. Mwaka 1914 Wajerumani waliificha humo manowari yao Königsberg, na Waingereza walihangaika miezi hadi wakaleta meli zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zikaipiga hadi mwisho wake Julai 11, 1915. Kama delta ingekuwa pembetatu ya wazi isingeficha meli ya vita. (Mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mnaweza kwenda kuuangalia.)

Halafu kwetu neno hilo limekuwa jina la mahali. Tunasema Delta Kaskazini, Delta ya Kati, Delta Kusini. Bibi aliyelima mpunga maisha yake yote anajiita mtu wa Delta, na hajawahi kuiona herufi ya Kigiriki.

#11 Msafiri_Kairo
@MikokoMingi, umegusa jambo kubwa. Aliyeuliza "nani aliona pembetatu" inabidi aanzie Naili, maana jina lilianzia hapo kabla ya mto mwingine wowote.

Herodoto, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alikwenda Misri na akaandika juu ya sehemu inayoitwa Delta. Angalia lakini: haelezi kwamba yeye ndiye amebuni. Anabishana na Wagiriki wa Ionia waliodai kwamba Misri halisi ni Delta peke yake. Maana yake jina lilishazoeleka midomoni mwa watu. Anahesabu midomo saba ya Naili, mitano ya asili na miwili iliyochimbwa. Leo imebaki mikono mikubwa miwili, Rashid na Dumyat.

Nami nina hoja yangu. Kwenye ramani zetu kaskazini iko juu, kwa hiyo pembe ya Delta ya Naili inaangalia chini, herufi imepinduka. Ila Mgiriki alikuwa anakuja kutoka baharini, kaskazini. Kwake msingi mpana wa pembetatu ulikuwa karibu, ule ufukwe, na ncha ilikuwa mbali kusini, kule mto unakogawanyika jirani na Kairo ya leo. Akichora anavyokwenda mbele, anapata Δ iliyosimama sawasawa. Nadhani jina ni la mabaharia na wafanyabiashara, waliojua umbali wa kila mkono wa mto kwa kuusafiri, wala hawakuhitaji kupanda juu kuiona.

#12 Mchoraramani
@Msafiri_Kairo, hiyo ya kutazama kutoka baharini sijawahi kuisikia, asante. Nakazia basi hoja yangu: Mgiriki aliona umbo. Hata mabaharia wako walilinganisha nchi na herufi kwa sababu ya umbo.

#13 HesabuTamu
Tulieni kidogo. Ile delta ya mhasibu wa mtoa mada haina mto, haina mlango, wala haina pembetatu.

Mwaka 1675 mwanahisabati Leibniz alianza kuandika d kwa ajili ya tofauti ndogo sana kati ya thamani mbili. Hiyo d ni herufi ya kwanza ya neno la Kilatini la tofauti, differentia. Mwaka 1755 mwanahisabati mwingine, Euler, akatoa kitabu chake cha kalkulasi, akahitaji alama ya tofauti kubwa zinazohesabika, akatumia Δ. Ni D ile ile iliyovaa nguo ya Kigiriki. Kutoka hapo Δ ikawa "mabadiliko": ya joto, ya kasi, ya bei. Wahandisi wakaizoea mdomoni, kisha ofisi za Kiingereza zikaichukua, sasa mtu anasema delta na hajawahi kukokotoa chochote. Kwa hiyo maana hii imetokana na sauti ya kwanza ya neno, umbo halikuhusika.

Na Δ ya kanuni ya mlinganyo wa kwadratiki, b² − 4ac, ile inayobainisha kama kuna majibu mawili, moja au hakuna, nayo wengi wanaiandika hivyo hivyo. Mtoa mada, kura yako moja imeondoka.

#14 FundiMota
Mwalimu, imeondoka kwako. Kwangu mota bado inazunguka.

#15 Kasumbalesa_Boy
Jambo kwenu wote. Natoka Lubumbashi. Swali dogo: Kongo ni mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji. Delta yake iko wapi? Rafiki yangu anasema iko Muanda, mimi nimeangalia ramani sioni.

#16 MikokoMingi
Huoni kwa sababu haipo, kaka. Ili delta ijengeke, mto ulete mashapo, na bahari ishindwe kuyabeba yote. Kongo inayaleta, ila kuna korongo refu chini ya bahari linaloanzia ndani ya mdomo wenyewe wa mto. Mchanga na tope vinateremkia humo hadi kwenye kina kirefu cha Atlantiki. Pale Muanda na Banana unapata mdomo mmoja mpana, haugawanyiki. Rufiji na mto wake mdogo tuna delta, Kongo hamna. Pole sana.

#17 Kasumbalesa_Boy
Aksanti. Basi rafiki yangu nitamwonyesha huu uzi leo leo.

#18 Mtu_wa_Maun
Na ipo delta isiyoiona bahari kabisa. Okavango, Botswana, inamwaga maji yake kwenye nchi kavu ya Kalahari, yanapotea kwa kunywewa na jua na mchanga. Mwaka 2014 ilikuwa eneo la 1000 kuandikwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Sasa tafsiri ya "mto unapoingia baharini" ya post #1 inabidi ipanuliwe. Ukiitazama kutoka angani inafanana na mkono uliofungua vidole, na huko unapata umbo la mtoa mada vizuri zaidi kuliko Rufiji.

#19 KipepeoWaAnga
Nashangaa hakuna aliyegusa ndege. Shirika la ndege la Delta la Marekani: watu wanadhani limeitwa hivyo kwa sababu ya nembo ya pembetatu, au kwa sababu ya bawa la delta. Historia yake ni tofauti. Lilianza miaka ya 1920 kama kampuni ya ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya pamba, likihamia Monroe, Louisiana. Mwaka 1928 likapewa jina la Delta kwa heshima ya eneo lililokuwa linalihudumia, Delta ya Mississippi. Aliyependekeza jina ni mfanyakazi wa kampuni, Catherine FitzGerald. Abiria walianza mwaka 1929. Nembo ya pembetatu ilikuja kulifuata jina.

Na sikilizeni hili: Delta ya Mississippi hiyo ya pamba na muziki wa bluzi sio mdomo wa mto. Ni tambarare ya udongo wa mafuriko kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, ndani ya jimbo la Mississippi, mbali na bahari. Mdomo wenyewe uko Louisiana, chini ya New Orleans, na umbo lake wanajiografia wanalifananisha na mguu wa ndege.

Hebu hesabuni safari ya neno: mlango kwa Wafoinike, herufi kwa Wagiriki, mto Misri, tambarare isiyo mdomo wa mto Marekani, ndege, kisha pembetatu ikachorwa mkiani mwa ndege kana kwamba ndiyo chanzo.

#20 Mchoraramani
Hapo nembo imerudisha umbo, mkuu. Umbo halipotei.

#21 KipepeoWaAnga
Limerudishwa na mchoraji wa nembo! Ungekuwa mwaka 1928 kule Monroe ungeona pamba tu.

Nyongeza kwa uhondo: kwenye alfabeti ya redio ya marubani, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1956, D ni Delta. Uwanja wa Atlanta, makao ya shirika hilo, ndege zinazoitwa Delta ni nyingi mno. Kwa miaka mingi waongozaji walikuwa wakitaja barabara ya ndege kutembelea ardhini yenye herufi D kwa jina la Dixie, ili amri ya barabara isichanganywe na jina la ndege.

#22 NesiWaZamu
Niongeze la kwetu. Msuli wa begani tunaouchoma chanjo kwa Kiingereza unaitwa kwa jina la delta, maana yake "wenye umbo la delta". Unashuka vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa juu ya bega, hapo ndipo katikati ya pembetatu. Kwa hiyo mwaka 2021 tulikuwa tunachoma kwenye delta kinga ya Delta.

Na hiyo Delta ya korona mtoa mada ameitaja kwa kupita tu. Kirusi kilichoandikwa B.1.617.2 kiligunduliwa kwanza India, na magazeti yakaanza kukiita cha India. Wagonjwa na wahudumu wenye asili ya India wakatazamwa vibaya. Mei 31, 2021 Shirika la Afya Duniani likaamua kutumia herufi za Kigiriki: Alfa kwa kile cha Uingereza, Beta cha Afrika Kusini, Gama cha Brazil, Delta cha India. Hapo hakuna umbo wala mlango wala tofauti. Ni zamu tu, ya nne ndiyo delta. Abjadi ya Kaskazi_Unguja imerudi kazini baada ya miaka karibu 3000.

Naomba watu walitazame hilo kwa uzito. Herufi isiyo na maana iliwapunguzia watu aibu ya jina la nchi yao.

#23 Kaskazi_Unguja
Dada NesiWaZamu umenena. Naunga mkono. Lakini herufi hazikutumika zote, mnakumbuka? Novemba 2021 waliruka mbili, Nyu na Xi, wakaenda Omikroni. Nyu inasikika kama neno la Kiingereza la "mpya", Xi ni jina la ukoo la watu wengi. Kwa hiyo hata herufi isiyo na maana kwa Mgiriki inaweza kuwa na maana kwa mwingine.

#24 Binti_Kipini
Sisi wa Tana msitusahau. Delta yetu iliandikwa Ramsar, ile orodha ya kimataifa ya ardhi oevu, mwaka 2012. Ni malisho ya Waorma wakati wa kiangazi na mashamba ya Wapokomo mafuriko yakishuka. Neno hilo kwetu limekuwa la serikali, la mabango na semina. Mzee akieleza ardhi yake anataja ziwa fulani, mkono fulani wa mto, malisho fulani. Ukisema "delta" unafuta majina yote hayo kwa herufi moja. Hilo linaniuma kuliko swali la hema.

#25 MikokoMingi
Dada yangu, kwetu limekaa na watu wamelipenda, lakini nakuelewa. Mikono ya mto nayo kila mmoja una jina lake, na nahodha asiyejua majina hayo hawezi kupewa chombo.

#26 HesabuTamu
Turudi kwenye Kiingereza, ndiyo mada. Herufi kwa jina hilo iliingia Kiingereza mapema, kama mwaka 1200. Delta ya Naili inaonekana karne ya 16. Kuitumia kwa mito mingine ni mwishoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo Rufiji na Tana kuitwa delta ni mazoea mapya ya wachora ramani wa Ulaya.

#27 Msafiri_Kairo
@HesabuTamu kwa Kiingereza uko sawa, kwa Kigiriki sivyo. Arriano, aliyeandika karne ya 2 baada ya Kristo juu ya vita vya Aleksanda, anasema mto Indus nao unatengeneza delta kama ile ya Misri. Hapo tayari ni neno la mto wowote. Waingereza waliamsha tu kilicholala.

#28 Mchungaji_Mstaafu
Limebaki jambo moja halijaguswa. Daleti inaishia na t. Hiyo a ya mwisho kwenye delta imetoka wapi? Alefu ikawa alfa, beti ikawa beta, gimeli ikawa gama.

#29 HesabuTamu
Rahisi. Neno la Kigiriki haliishii na t wala p wala k. Linaishia na irabu, au n, r, s. Mgiriki aliongeza a ili ulimi utembee, kama sisi tunavyoongeza irabu kwenye benki na baskeli.

#30 Kaskazi_Unguja
Inawezekana, na ndiyo maelezo ya wengi. Ila wapo wanaosema hiyo a waliisikia tayari, kwa Waaramu. Kiaramu kinaweka a mwishoni mwa jina linapokuwa la kitu mahususi: malka ni yule mfalme. Kama Wagiriki walijifunza kwa watu wa Siria ya kaskazini na sio Wafoinike wa pwani peke yao, basi delta ingekuwa imefika mzima mzima na a yake.

#31 HesabuTamu
Hapana shekhe. Maumbo ya herufi za kwanza za Kigiriki yako karibu na ya Kifoinike. Na kama a ni ya Kiaramu, mbona sigma na rho hazikufuata?

#32 Kaskazi_Unguja
Sigma ina a mwishoni, mwalimu. Rho nakuachia. Lakini iota, zeta, eta, theta, zote zina a.

#33 HesabuTamu
Zeta, eta na theta zinaonekana kuigana zenyewe kwa zenyewe, zinasomwa mfululizo, watoto wa shule wanaziimba. Kuimbana sio Kiaramu.

#34 FundiMota
Wakati mnaendelea, kuna mtu anaweza kunieleza delta iliyogeuzwa juu chini, ∇? Kijana wangu wa chuo anayo kwenye madaftari ya umeme.

#35 HesabuTamu
Inaitwa nabla, ni jina la kinubi cha kale chenye umbo hilo, nalo ni neno la Kisemiti lililopita kwa Wagiriki. Zamani kuna walioiita atled. Lisome kutoka nyuma.

#36 Pilipili_Hoho
Kinubi kimekubaliwa, samaki kakubaliwa, hema limekubaliwa. Ndoo yangu peke yake ndiyo mnaikataa. Naomba mtu mwenye kamusi ya Kiebrania aangalie kitenzi cha kuteka maji, kinaanza na herufi gani.

#37 Kaskazi_Unguja
Ni dala, inaanza na daleti. Na ndoo kwao ni deli. Lakini te ya mwisho bado hujanijibu, ndugu yangu.